Usifute, Tia Alama: Namna ya Kuchuja Rekodi za Dataloga

Wasomaji wanaotunza friji za chanjo, vituo vya hali ya hewa na matangi ya maji hurudia swali lile lile: "Nimepakua rekodi za dataloga na ni maelfu ya mistari. Nachaguaje zile ninazozihitaji?" Ndani ya swali hilo imejificha dhana kwamba kuchuja ni kutupa, yaani kuondoa kisichotakiwa ili kibaki kinachotakiwa. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Rekodi ya dataloga haijitoshelezi. Maana yake inatokana na ile iliyoitangulia na ile inayoifuata. Kipimo cha 9.1 °C kwenye friji ya chanjo hakikuambii lolote mpaka ujue joto lilikuwa juu kwa dakika 20 mlango ukiwa wazi, au kwa usiku mzima umeme ukiwa umekatika. Kwa hiyo ushauri wa makala haya ni mmoja: chagua kwa wakati kwanza, na ukifika kwenye thamani, tia alama badala ya kufuta. Mfano utakaotumika kote ni wa friji ya chanjo, kwa kuwa hapo gharama ya kosa iko wazi: ama chanjo nzima inatupwa, ama iliyoharibika inamfikia mtoto.

Andika swali kabla ya kufungua programu

Kichujio hakijui unatafuta nini. Kinatii sharti ulilokipa, hata kama sharti hilo halihusiani na jambo unalotaka kulijua. Ndiyo maana hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi: andika swali lako kwa sentensi moja, kisha uangalie linaangukia kundi gani kati ya haya matatu.

- Swali la kipindi. "Joto lilikuwaje umeme ulipokatika usiku wa tarehe 5?" Hapa unahitaji kila rekodi iliyo kati ya saa mbili zinazojulikana, nzuri na mbaya, bila kuchagua thamani yoyote.
- Swali la tukio. "Je, friji ilizidi 8 °C kwa muda wa kuhatarisha chanjo?" Hapa unahitaji rekodi zinazofuatana, kwa sababu jibu ni urefu wa muda, wala si idadi ya vipimo.
- Swali la mwenendo. "Je, friji inadhoofika mwezi hadi mwezi?" Hapa unahitaji muhtasari wa kila siku: cha chini kabisa, cha juu kabisa, na wastani.

Kosa la kawaida ni kujibu swali la kundi moja kwa kichujio cha kundi jingine. Mtu anaulizwa kuhusu tukio, anatoa wastani wa siku. Tuseme friji ilikaa 4.5 °C kwa saa 23, kisha ikashuka hadi −1 °C kwa saa moja. Wastani wa siku hiyo ni 4.3 °C hivi, namba nzuri isiyomshtua yeyote, ilhali chanjo zisizostahimili kuganda, kama ile ya homa ya ini B na zile zenye kinga ya pepopunda, huenda zimeshaharibika. Hesabu haina kasoro. Kilichokosewa ni kuuliza wastani mahali palipohitaji tukio.

Linda faili la asili

Kabla ya kugusa kitu chochote:

1. Pakua faili na ulihifadhi kama lilivyo, kwa jina lenye namba ya kifaa na tarehe ya kupakua.
2. Lifanye la kusomwa tu, kisha tengeneza nakala ya kufanyia kazi.
3. Usilifungue faili la CSV kwa kulibofya na kulihifadhi tena kupitia Excel. Excel hubadilisha tarehe kimyakimya inapolifungua, na ukihifadhi, mabadiliko hayo yanakuwa ya kudumu. Liingize kupitia menyu ya data, ambako unaweza kuiambia tarehe zimeandikwaje.
4. Hesabu mistari na uiandike idadi hiyo. Dataloga inayopima kila dakika 10 hutoa rekodi 144 kwa siku, na Machi yenye siku 31 inapaswa kuwa na 4,464.

Idadi hiyo ya mwisho ndiyo kipimo chako cha uaminifu. Kila hatua inayofuata lazima iweze kujumlishwa na kurudi palepale: rekodi zilizobaki pamoja na zilizowekwa kando zilingane na zilizoingia. Zisipolingana, kuna mistari iliyopotea bila wewe kuamua.

Nyoosha wakati kabla ya kuchagua kwa wakati

Kichujio cha tarehe hufanya kazi tu pale ambapo programu inaitambua tarehe kuwa ni tarehe. Hapo ndipo mafaili mengi yanapoharibikia, na programu haitoi onyo lolote. Chukua 05/03/2024. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hiyo ni tarehe 5 Machi. Kwa kompyuta yenye mipangilio ya Marekani ni tarehe 3 Mei. Ubaya ni kwamba kompyuta hiyo ikifika 13/03/2024 haioni mwezi wa 13, hivyo inaiacha kama maandishi. Matokeo yake ni faili lenye siku 12 za kwanza zilizotawanyika katika miezi 12 na siku zilizobaki ambazo kichujio cha tarehe hakizioni kama tarehe. Dalili unaiona kwa macho: katika safuwima ya muda, tarehe halisi hujipanga kulia na maandishi hujipanga kushoto. Ukitaka uhakika, tumia ISNUMBER. Jibu la FALSE linamaanisha hapo hakuna tarehe.

Dawa ni kuandika muda wote kwa mtindo wa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, saa: 2024-03-05 14:20. Mtindo huu hauna tafsiri mbili, na una faida nyingine: ukiupanga kialfabeti, umeupanga pia kwa wakati.

Baada ya mtindo wa tarehe, hakikisha saa ni ya wapi. Dataloga nyingi huchukua saa ya kompyuta iliyoziwasha, na nyingine hutuma data kwenye seva inayohifadhi kwa UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya UTC. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa 2 mbele. Ukiunganisha mafaili ya Kigoma na ya Bujumbura bila kurekebisha, tukio moja litaonekana limetokea kwa nyakati mbili. Angalia pia kama kompyuta iliyotumika iliwekewa ukanda wa nchi ya Ulaya: saa yake itaruka kwa saa moja mwezi Machi na tena Oktoba, ingawa kwetu saa haibadilishwi.

Halafu kuna daftari la mkono, ambalo mara nyingi ndilo linaloeleza kwa nini joto lilipanda. Muuguzi ameandika "umeme ulikatika saa 4 usiku". Dataloga inaiita 22:00, na seva ya UTC inaiita 19:00. Mtaalamu wa data anayesoma "4" kama 04:00 atatafuta tukio mahali lisipokuwepo, kisha ahitimishe kwamba daftari ni la uongo. Fuata kanuni hizi:

- Saa za mchana: ongeza 6. Saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 9 alasiri ni 15:00, saa 12 jioni ni 18:00.
- Saa 1 hadi saa 5 usiku: ongeza 18. Saa 3 usiku ni 21:00.
- Saa 6 usiku ni 00:00, na hapo tarehe ya kompyuta inabadilika. Saa 9 usiku ni 03:00.
- Kwa matukio ya baada ya saa 6 usiku, muulize aliyeandika. Aliyeingia zamu jioni ya tarehe 5 anaweza kuandika "tarehe 5, saa 9 usiku" akimaanisha usiku wa kuamkia tarehe 6, na kompyuta inaihesabu hiyo kuwa tarehe 6.

Kuchagua kipindi: angalia mpaka wa mwisho

Ukitaka Machi yote, ni rahisi kuandika "kuanzia 2024-03-01 hadi 2024-03-31". Kwa programu nyingi, tarehe isiyo na saa ni saa sita usiku ya kuanza siku hiyo. Sharti lako basi limeishia pale tarehe 31 inapoanza, na karibu rekodi zote 144 za siku hiyo zimeachwa nje. BETWEEN ya SQLite ina mtego huu, na kichujio cha "kabla ya au sawa na" katika Excel pia. Maktaba ya pandas ya Python hufanya kinyume: ukikata kipindi kwa tarehe tupu kwenye faharasa ya muda, hujumuisha siku yote ya mwisho. Sharti lile lile, programu mbili, idadi mbili.

Njia salama ni kuujumuisha mwanzo na kuuacha mwisho nje: muda uwe sawa na au baada ya 2024-03-01 00:00, na uwe kabla ya 2024-04-01 00:00. Kwa SQLite ni hivi:

WHERE muda >= '2024-03-01' AND muda < '2024-04-01'

Hapo utapata 4,464 kamili. Ukiijumuisha na saa sita usiku ya 1 Aprili utapata 4,465, na ripoti ya Aprili itaihesabu rekodi hiyo kwa mara ya pili. Na kama unachunguza tukio, ongeza saa kadhaa kabla na baada yake. Ukikata palepale joto lilipovuka kikomo, hutaona lilipanda polepole kama friji iliyokosa umeme au ghafla kama kihisi kilichochomoka.

Kuchagua kwa thamani: pima urefu wa tukio

Hiki ndicho kiini cha hoja. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya 2 °C na 8 °C, lakini kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), virekodi joto vya siku 30 havilii king'ora kila mara kipimo kinapovuka mstari huo. Vinalia joto likizidi 8 °C kwa saa 10 mfululizo, au likifika −0.5 °C au chini yake kwa dakika 60 mfululizo. Neno linalobeba uzito hapo ni mfululizo. Ukichuja "zaidi ya 8" na kufuta mengine, unabaki na vipimo 70, tuseme, bila kujua kama ni usiku mmoja wa hatari au ni mlango uliofunguliwa asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Rekodi za 6 °C na 7 °C ulizofuta ndizo zilizokuwa zinatenganisha tukio moja na jingine.

Fanya hivi, muda ukiwa safuwima A na joto safuwima B:

1. Panga rekodi zote kwa wakati, kuanzia ya zamani.
2. Katika D2 andika =IF(B2>8,1,0). Katika D3 andika =IF(B3>8,D2+1,0), kisha uishushe hadi mwisho. Safuwima hii huhesabu vipimo vinavyofuatana na hurudi 0 joto likishuka.
3. Tafuta namba kubwa kabisa katika D. Kwa vipimo vya kila dakika 10, saa 10 ni vipimo 61 kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, kwa kuwa kati yake kuna nafasi 60.
4. Hakikisha kwa kutoa muda wa kipimo cha kwanza katika ule wa kipimo cha mwisho. Hesabu ya mistari hudanganya kama katikati kuna pengo.
5. Rudia kwa baridi, ukitumia B2<=-0.5.

Tahadhari tatu. Excel huyachukulia maandishi yoyote kuwa makubwa kuliko namba yoyote, hivyo seli yenye "NAN" itahesabika kuwa imezidi 8. Seli tupu huhesabika kama 0 na itaukata mfululizo. Na ukichuja kwa kuficha mistari, AVERAGE huendelea kuihesabu iliyofichwa. Tumia SUBTOTAL, ambayo huiacha iliyofichwa na kichujio: 1 kwa wastani, 4 kwa cha juu, 5 kwa cha chini.

Vipimo visivyo vya kweli

Kuna namba ambazo hazikuwahi kuwa joto. Kihisi cha DS18B20, kinachotumika sana katika dataloga za bei nafuu, husoma 85 °C kinapowashwa kabla ya kupima, na maktaba ya Arduino inayokisoma hutoa −127 waya ukikatika. Vifaa vingine huandika −9999. Namba moja ya namna hii inatosha kuharibu siku: vipimo 143 vya 5 °C pamoja na −127 moja huleta wastani wa 4.08 °C, na cha chini kabisa kinakuwa −127.

Hizi huzifuti pia. Ongeza safuwima ya "hali" na kila mstari uupe neno moja: sawa, hitilafu, majaribio, au mlango. Halafu acha kila hesabu isome mistari yenye "sawa" au ile unayoihitaji. Faida yake inaonekana baadaye. Hitilafu 3 kwa mwezi huenda ni waya uliolegea. Zikijirudia kila siku saa ile ile, kuna chanzo kinachoweza kutafutwa. Ukizifuta, umefuta na ushahidi huo.

Ila usiite hitilafu kila kitu usichokitarajia. Kabla ya kutia alama hiyo, jiulize:

- Je, namba hii ni msimbo unaojulikana wa kifaa hiki?
- Je, friji inaweza kimaumbile kuruka hivi ndani ya dakika 10?
- Je, kihisi cha pili, au daftari, kinakubaliana nayo?

Kama friji inaweza kuifikia namba hiyo na hakuna kinachoipinga, iache ibaki "sawa", hata kama inakuharibia ripoti.

Mapengo na marudio

Katika safuwima nyingine weka =(A3-A2)*1440, yaani dakika kati ya rekodi mbili. Kwa kifaa cha dakika 10:

- Takriban 10: hakuna tatizo.
- Zaidi ya 10: pengo. Betri iliisha, kumbukumbu ilijaa, au kifaa kilizimwa.
- 0: marudio, mara nyingi kwa sababu mafaili mawili yaliyopakuliwa yana siku zinazoingiliana. Weka moja, uandike idadi ya ulizoziweka kando.
- Hasi: kama rekodi ziko katika mpangilio wa asili wa kifaa, saa ilirudi nyuma, pengine baada ya kubadilisha betri. Ifanye hesabu hii kabla ya kupanga kwa wakati, la sivyo dalili hiyo itapotea.

Pengo lisijazwe kwa makisio unapotafuta tukio. Pengo la saa 4 katikati ya usiku lina jibu moja la kweli: haijulikani. Likiguswa na joto la juu pande zote mbili, litazame kwa upande wa hatari.

Ukilinganisha dataloga mbili, usitegemee muda ulingane kabisa. Excel huhifadhi muda kama sehemu ya siku, na dakika 10 ni 1/144, desimali isiyokwisha. Zungusha kwanza hadi dakika kamili: =ROUND(A2*1440,0)/1440.

Programu ipi?

Kwa friji moja au tano, Excel au LibreOffice Calc inatosha. Excel ina mistari 1,048,576 tu kwa ukurasa. Dataloga ya kila dakika hutoa rekodi 525,600 kwa mwaka, hivyo miaka miwili inazidi kidogo, na mistari ya ziada haiingii. Ukifika hapo, au ukiwa na kazi ya kurudia kila mwezi, hamia SQLite, R au Python. Sababu kubwa si kasi. Sharti lililoandikwa kama maandishi linaweza kusomwa na mtu mwingine, kukaguliwa na kurudiwa, ilhali kichujio kilichobofywa hakiachi kumbukumbu ya kilichofanyika.

Mapingamizi mnayoleta

*"Programu iliyokuja na kifaa ina vichujio tayari."* Itumie kwa kupakua na kutazama grafu. Lakini kagua kwanza kichujio chake hufanya nini: baadhi hukata kipindi, vingine hutengeneza wastani wa kila saa na kukuonyesha huo. Wastani wa saa unaweza kuzificha dakika 20 za kuganda.

*"Faili litakuwa kubwa mno."* Mwaka mzima wa vipimo vya kila dakika 10 ni rekodi 52,560, kitu kidogo kwa simu ya kawaida. Ukilazimika kupunguza, usichukue rekodi moja kwa kila saa, kwa maana tukio la dakika 50 linaweza kupita katikati. Hifadhi cha chini na cha juu cha kila saa.

*"Mkaguzi anataka ripoti safi."* Hili ndilo pingamizi zito, maana mkuu wa kituo anaulizwa kwa kila mstari mwekundu. Lakini ripoti iliyosafishwa kwa kufuta hukosa utetezi siku mkaguzi akilipata faili la asili kwenye kifaa, na idadi zisilingane. Ripoti yenye alama hujieleza: rekodi 4,464 ziliingia, 4,449 ni sawa, 12 ni mlango, 3 ni hitilafu ya kihisi, na hakuna joto lililozidi 8 °C kwa saa 10 mfululizo. Mkaguzi anaweza kubishana na alama moja, na mkaifungua pamoja.

Cha kukabidhi pamoja na matokeo

1. Faili la asili, lisiloguswa.
2. Nakala yenye safuwima ya "hali".
3. Maelezo ya mistari michache: ukanda wa saa, mipaka ya kipindi, vikomo vilivyotumika, na msimbo wa hitilafu wa kifaa.
4. Hesabu ya rekodi: zilizoingia, kila alama ina ngapi, na jumla yake.
5. Orodha ya mapengo, kila moja na muda wake.

Mpe mwenzako vitu hivi vitano bila maelezo ya mdomo, na umwombe atoe jibu la swali uliloandika mwanzoni. Akifika kwenye jibu lako, kazi imekamilika. Akifika kwenye jibu jingine, linganisheni idadi ya kila hatua. Mahali zinapoachana kwa mara ya kwanza ndipo penye sharti la kurekebisha.